Bata wa Darasa la Kwanza

Ijumaa ile, siku ya nane tangu shule zifunguliwe, Shufaa alikuwa anapinda sari ya manjano katika duka la vitambaa la Kokilaben, Fordsburg. Sari yenyewe ilikuwa ya urefu wa mita moja na nusu tu, kwa sababu aliyekusudiwa kuivaa alikuwa mungu wa plasta mwenye kimo cha mtoto wa chekechea. Chini ya meza ya cherehani Sumaiya, bintiye wa miaka saba, aliokota pini kwa sumaku na kuzipanga kwenye zulia. Alikwisha kupanga A, B na nusu ya C, pini zikaisha.

Shufaa alishona roho juu. Katika shule ya mtaa wao, Yeoville, watoto huhesabiwa siku ya kumi. Wakishahesabiwa, mlango umefungwa mpaka mwaka ujao, na mwaka jana ulifungwa hivyohivyo yeye akiwa bado kwenye foleni. Siku ya kumi ilikuwa Jumanne. Fomu ya kumwandikisha Sumaiya alikwisha kuijaza mara tatu, na mara zote tatu ilirudi, kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiliandikwa kwa kalamu, si kwa mashine. Hospitali ilimwambia kwamba mama akiwa hana kibali cha kuishi, mtoto huandikwa kwa mkono. Shule nayo ilimwambia karatasi ya mkono si karatasi. Kati ya hao wawili Sumaiya alikuwa ameng'oka meno manne.

"Tulia, Shufaa, utajidunga," alisema Kokilaben.

"Nimetulia, Mama."

"Hujatulia. Umeme umekatika saa nzima na mguu wako bado unakanyaga."

Shufaa akatazama mguu wake, akausimamisha. Dakika moja baadaye ulikuwa unakanyaga tena.

Kokilaben alizaliwa Tanga, Barabara ya Nane, na ingawa alikuwa na miaka arobaini Johannesburg, Kiswahili chake kilikuwa bado cha Tanga. Ndiyo sababu Shufaa, mtu wa Tanga pia, alikuwa akimwita Mama. Siku hiyo ilikuwa Vasant Panchami, sikukuu ya machipuo, siku ya Saraswati, mungu wa elimu na sanaa. Huko India haradali huwa inachanua. Johannesburg ilikuwa kiangazi katikati, jua la utosi na ngurumo kila alasiri, lakini Kokilaben alisema hilo ni shauri la Johannesburg.

Saa tano walivuka barabara mbili hadi hekaluni, jengo ambalo zamani lilikuwa duka la matairi. Saraswati alivishwa sari, ikamkaa sawasawa. Alikuwa ameshika zeze refu, na miguuni pake alikaa bata bukini mweupe wa plasta, mdomo umebambuka rangi. Mbele yao watu walikuwa wameweka vitabu, kalamu, filimbi, ngoma, kompyuta mbili na kinanda kimoja. Vitu hivyo huachwa hapo mpaka kesho yake asubuhi, hakuna anayevigusa. Siku hiyo hakuna kusoma wala kuandika, elimu yenyewe inapumzika. Kokilaben alikuwa ameweka kitabu cha risiti cha duka, na wateja wote wa asubuhi waliondoka bila risiti.

"Weka faili lako," alimwambia Shufaa.

"Mimi Mwislamu, Mama."

"Najua. Nimesema uweke faili, sikusema ujiweke wewe."

Mfa maji haishi kutapatapa. Shufaa akasoma bismillahi kimoyomoyo, akalilaza faili la Sumaiya kati ya filimbi na kitabu kikubwa cha mifupa cha mwanafunzi wa udaktari, akarudi kusimama mlangoni penye viatu.

Wanaoruhusiwa kuandika siku hiyo ni watoto wanaoanza tu. Walikaa mstari mmoja, kila mmoja na sinia la mchele, na mkubwa akawashika kidole na kuwaongoza kwenye herufi ya kwanza. Zamu ya Sumaiya ilipofika, Kokilaben alimshika kidole, akakuta kidole kimekwisha kuondoka. Sumaiya aliandika jina lake lote, akapiga mstari chini yake, akauliza kwa Kiingereza kama huyo bata ana jina. Kokilaben akamjibu kwa Kiswahili kuwa jina hana ila ana kazi: ukimpa maziwa yaliyotiwa maji, hunywa maziwa akaacha maji.

"Anafanyaje?"

"Ndivyo alivyofundishwa."

Saa sita na robo simu ya Shufaa ikalia. Alikuwa Elisée, jirani yake Mkongomani, mlinzi wa geti la shule. "Mama Sumaiya, karani iko peke yake, foleni hakuna. Anafunga saa saba. Kuya mbio."

Shufaa hakufikiri mara mbili. Aliingia na soksi zake, akainama, akachomoa faili kutoka kando ya filimbi.

"Kesho asubuhi, Shufaa," alisema Kokilaben. "Halijaachiliwa bado."

"Kesho Jumamosi, Mama. Wamefunga."

Kokilaben akatazama sanamu, akamtazama Shufaa, akampa Sumaiya ladu mbili tamu kwenye karatasi.

Kwenye robot ya pili, taa za barabarani, Sumaiya alisema kuna ndege nyuma yao. Shufaa aligeuka. Bata bukini mweupe alikuwa amesimama ukingoni, mdomo umebambuka rangi, akisubiri taa igeuke kijani. Ilipogeuka alivuka pamoja na watu wengine, upande wa kushoto. Alitembea nao mpaka Yeoville, na kila walipokimbia alikimbia, na walipofika getini jasho likiwachuruzika, saa saba na dakika nane, yeye hakuwa anahema. Ofisi ilikuwa imefungwa. Elisée alitikisa kichwa nyuma ya nondo, akasema, "Eish, mama."

Shufaa akampigia Kokilaben simu.

"Ndiyo, mahali pake pako wazi," alisema Kokilaben. "Nimeweka chungu cha maua. Umechukua kitu kabla hakijaachiliwa, ndiyo maana ndege kalifuata faili."

"Atarudi lini?"

"Faili likimaliza kazi yake. Mpe maziwa."

Chumba cha Shufaa kilikuwa nusu ya sebule. Nusu ya pili, upande wa pili wa ukuta wa mbao, alikaa Clémentine, msusi kutoka Bukavu, na ndiye aliyekuwa na maziwa. Bata alipewa bakuli moja. Alikunywa, akainua shingo, na katika bakuli yakabaki maji matupu, zaidi ya nusu. Clémentine alilibeba bakuli mpaka spaza, kiduka cha mtaani, akamwonyesha mwenye duka. Muuzaji akalitazama akasema kweli, akaomba radhi, na tangu kesho yake akawa anauza maziwa na maji mbalimbali, bei ya chupa ileile.

Jumamosi bata alimfuata Clémentine saluni, akasimama mbele ya kibao kilichoandikwa *Coiffure Clémentine de Paris*. Aliinua shingo, akanywa maneno mawili ya mwisho. Rangi ilishuka kooni ikionekana, kisha ikapotea.

"Ni kweli," alisema Clémentine. "Paris sijafikaka."

Siku nzima ya Jumapili Shufaa alizunguka. Alifua nguo safi. Alipanga faili upya, cheti juu, kisha cheti chini, kisha cheti katikati. Usiku hakulala, na asubuhi alikuwa amekwisha kuvaa kabla adhana ya simu haijalia. Kulikuwa na jambo moja ndani ya faili lile lililomla moyo, na kila alipolikumbuka alimtazama bata, na kila alipomtazama bata alilisukuma faili chini zaidi ya godoro.

Jumatatu, siku ya tisa, alikuwa wa kwanza ofisini. Karani, Bi Nkabinde, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo na sauti ya upole. Alimkaribisha Shufaa, akamkaribisha Sumaiya, akamsogezea bata kiti. Akachukua faili, akaitandaza fomu mezani, na bata akaweka shingo juu ya meza.

Mahali pa baba Shufaa alikuwa ameandika *Mansour, marehemu*. Bata alikunywa *marehemu*. Jina likabaki peke yake, wino wake ukiwa mweusi kabisa.

Shufaa aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imefupishwa na ndege. Sumaiya alisoma nafasi tupu, akamtazama mama yake.

"So he's not dead?"

"Yuko Sandton," alisema Shufaa.

Mansour alikuwa na kibali cha kudumu, gari na mke. Bi Nkabinde alisema vizuri, baba mwenye kibali akija kusaini leo, mambo yatanyooka. Shufaa akampigia, hakupokea. Akamwandikia ujumbe, akajibu palepale kwamba yuko kwenye kikao, atampigia. Bata aliinamia simu, kioo kikabaki cheupe.

"Basi," alisema Bi Nkabinde, na hakuonekana kufurahi wala kuchukia. Alivuta karatasi yenye nembo ya shule, akaandika: *Mzazi mpendwa, tunasikitika kukuarifu kwamba shule imejaa.* Kabla hajaikunja, bata alikwisha kunywa *mpendwa*, akanywa *tunasikitika*, akanywa *imejaa*. Yalibaki maneno machache yasiyoshikana.

Bi Nkabinde aliinyanyua kwenye mwanga, akaisoma. "Ni kweli," alisema. "Darasa la kwanza B lina viti tisa vitupu. Na kesho tukihesabiwa chini ya thelathini, darasa linavunjwa na mwalimu anahamishwa."

"Sasa si umpe kimoja," alisema Shufaa.

"Hana karatasi."

Ukutani nyuma ya karani palikuwa na tangazo la idara, limefunikwa plastiki, lililosema kila mtoto aliyemo nchini ana haki ya kusoma, awe na karatasi au asiwe nazo. Bata alishuka kitini, akapanda juu ya kabati, akalinyooshea shingo. Wote watatu walimsubiri. Alilitazama kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha akashuka bila kunywa hata nukta.

"Hilo ni la kweli," alisema Bi Nkabinde. "Waliliwasilisha mwaka jana, wakatuambia tulibandike. Tumelibandika."

Akaandika barua ya pili: *Mtoto huyu hapokelewi kwa sababu sheria haituruhusu.* Bata akanywa kuanzia *kwa sababu* mpaka mwisho. Bi Nkabinde akaisoma iliyobaki, *Mtoto huyu hapokelewi*, akaona inatosha, akaipiga muhuri.

Shufaa alitaka kupiga kelele. Alitaka kuipindua ile meza. Badala yake alisema asante, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umezoea kusema asante katika ofisi, na bata alimkodolea jicho lakini neno la mdomo halinywewi. Nje, kwenye ngazi, alikaa chini akalia kwa kwikwi. Sumaiya alikaa karibu naye akamwekea mkono begani, na mkono mwingine akawa anaandika kwenye vumbi la ngazi.

Siku ya kumi walifika getini tena, ingawa hakuna aliyewaita. Elisée alifungua geti kiasi cha mtu mmoja. Bata akapita.

"Na mtoto?" alisema Shufaa.

"Mama, yule ni ndege, ndege hana papier, sitaulizwa. Mtoto nitaulizwa." Elisée alitazama viatu vyake. "Mi niko na watoto tano, mama. Wangu wenyewe wanasomea kanisani."

Kwa hiyo walitazama kupitia nondo. Watu wa idara walikuja wawili na ubao wa kuandikia. Darasa la kwanza B lilipangwa uwanjani, watoto ishirini na tisa, na bata akasimama mwishoni kwa kuwa alikuwa mfupi. Mwanamke mwenye ubao alihesabu kwa kalamu hewani, akafika mwisho, kalamu ikasita, akamtazama mwalimu. Mwalimu, kijana mmoja aliyependa kazi yake, alitazama mbele. Mwanamke akaandika thelathini. Bata hakukaribia ubao, maana alikuwa kweli yumo, na kweli walikuwa thelathini.

Ofisini Bi Nkabinde alimjazia bata fomu. Jina aliandika *Bata*. Mahali pa uraia aliandika kwanza Afrika Kusini, likanywewa. Akaandika India, likanywewa. Akaandika Haijulikani, nalo likanywewa, kwani inaelekea mwenyewe alikuwa akijua. Mwisho akapaacha wazi. Ikapita hivyohivyo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Shufaa jioni ile, akipima shingo ya bata kwa utepe wa cherehani. Bi Nkabinde alikuwa amemtumia ujumbe kwamba mwanafunzi lazima avae sare. Alimshonea sweta ya kijani isiyo na mikono, na alipomaliza aliona kitambaa kimebaki cha kutosha mtu wa miaka saba. Akashona na hiyo ya pili. Akaikunja, akaiweka chini ya godoro mahali palipokuwa na faili.

Kuanzia hapo maisha yakashika njia. Kila asubuhi Sumaiya alimsindikiza bata getini na chupa ya maziwa, na saa nane alimsubiri palepale. Katikati ya hapo Sumaiya alikuwa chini ya meza ya cherehani Fordsburg. Bata alirudi na begi mgongoni, na ndani ya begi mna daftari, na ndani ya daftari mna kazi ya nyumbani. Ndege hana kidole. Sumaiya alikaa sakafuni, akasoma maswali kwa sauti, akajibu yote, akageuza ukurasa akajibu na ya kesho. Clémentine, akisuka mteja, alisikia kupitia mbao akasema huyu mtoto anasoma mpaka ukuta unasikia. Kokilaben alimtumia penseli za rangi. Kuhusu bata hakuuliza. Maua ya kile chungu alikuwa ameyahamishia kwenye chungu kikubwa zaidi.

Shufaa hakupata utulivu kamwe. Alikwenda kwenye ofisi nyingine mbili mjini, akapanda ngazi, akashuka ngazi. Kila alipofika alionyeshwa tangazo lilelile, limefunikwa plastiki.

Mwishoni mwa muhula ilikuja barua ya kumwita mzazi wa Bata. Shufaa alivaa baibui lake zuri, akaingia getini peke yake. Sumaiya alibaki nje na Elisée, kwa kuwa hakuwa na mtoto shuleni wala hakuwa mtoto wa shule. Mwalimu alimkalisha kwenye kiti kidogo, magoti yakamfika kifuani, akamfungulia daftari.

"Kwa kweli ni wa kwanza darasani," alisema. "Tazama mwandiko huu. Kuna mtu anamsaidia nyumbani?"

"Dada yake."

"Mwambie asiache." Mwalimu alifunga daftari, akaonyesha jalada. "Shida yangu ni moja. Jina halikai. Kila Jumatatu naandika *Bata*, ikifika Jumanne pamekuwa peupe. Hata kwenye ripoti hii, nimeandika mara nne."

Shufaa aliipokea ripoti. *Anasoma vizuri sana. Anaandika vizuri sana. Anahesabu vizuri. Hakosi shule.* Mstari wa mwisho ulikuwa umebaki nusu, *Hakosi*, neno *shule* halimo. Mengine yote yalikuwepo, meusi tii, hakuna hata herufi iliyonywewa. Juu kabisa, mbele ya neno *Mwanafunzi*, palikuwa peupe.

"Asante, mwalimu," alisema, na safari hii alikuwa anamaanisha, jambo lililomuuma zaidi.

Nje Sumaiya aliuliza, "Did he pass?"

"Amepita."

"Me too?"

Shufaa akampa ripoti. Sumaiya aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari, mpaka chini, kisha akarudi juu. Akaiweka kwenye nguzo ya geti, akatoa penseli, akaandika mahali palipokuwa peupe: *Sumaiya*. Akapiga mstari chini yake. Elisée aligeuza uso upande wa barabara.

Bata aliikaribia karatasi, akainamisha shingo. Ndege alilitazama jina muda mrefu, jicho moja, kisha jicho la pili, akaliacha.

Ripoti ilipaswa kurudishwa shuleni ikiwa na saini ya mzazi. Shufaa aliisaini, akaiweka ndani ya begi. Kesho yake ilirudi na muhuri na mwandiko wa upole wa Bi Nkabinde: *Hatuna mwanafunzi wa jina hili.* Bata alilisoma hilo nalo. Lilikuwa kweli, akaliacha.

Shule zilipofunguliwa muhula wa pili, saa moja na nusu asubuhi, Sumaiya alimfunga bata vifungo vya sweta, akamtundikia begi, akachukua chupa ya maziwa. Walikwenda mpaka getini, na bata akaingia.